Maybach, yatima aliyeiwezesha injini kupanda mlima bila kuchemka

Na MWANDISHI WETU

DEREVA wa lori anayetoka Kisumu kuelekea Nakuru huanza kuutazama mshale wa joto kwa makini zaidi pindi anapoiacha Kericho nyuma. Mashamba ya chai yanakwisha, misitu inaanza na barabara inazidi kuinuka. Akifika makutano ya Londiani, gari lake limepanda zaidi ya mita 1,000 tangu lilipoondoka ufuoni mwa Ziwa Victoria, na Mau Summit bado iko mbele.

Katika mwinuko huo hata maji hubadili tabia. Yale ambayo Mombasa huchemka yakifika nyuzi 100 za Selsiasi, Londiani huchemka kwenye nyuzi 92 au 93 hivi. Ndiyo maana maharagwe huchelewa kuiva huko. Ndiyo maana pia injini inayovuta mzigo mzito mlimani huwa karibu zaidi na kuchemka kuliko ilivyokuwa bandarini.

Hata hivyo malori mengi hupita salama. Kinachoyaokoa ni fremu ya mirija na mabati membamba iliyojificha nyuma ya wavu wa mbele, ambayo madereva na mafundi huiita rejeta. Abiria hawaikumbuki hadi siku inapovuja na mvuke kutanda juu ya boneti.

Mtu aliyekipa chombo hicho umbo lililoifanya motokaa iwe ya kutegemewa alikuwa Mjerumani, Wilhelm Maybach, aliyeaga dunia mwaka wa 1929. Jina lake si geni kwa wasomaji. Wengi wamelisikia likitajwa pamoja na magari ya kifahari ya matajiri na wasanii wa ng'ambo. Wasilolijua wengi ni kwamba mwenyewe alikuwa mtoto yatima aliyelelewa kwa sadaka.

Tangazo gazetini

Maybach alizaliwa Februari 9, 1846 mjini Heilbronn, katika uliokuwa ufalme wa Württemberg, kusini-magharibi mwa Ujerumani ya leo. Baba yake alikuwa seremala. Mama alifariki Wilhelm akiwa na umri wa miaka minane. Miaka miwili baadaye, mwaka wa 1856, baba naye akafa na kuwaacha wavulana watano bila mlezi.

Marafiki wa familia walichapisha tangazo katika gazeti moja la Stuttgart wakiwaomba wasamaria wema wawasaidie watoto hao. Sisi tunaoishi kwa kazi ya magazeti hatuna budi kulikumbuka tangazo hilo, kwani ni machache yaliyowahi kuzaa matunda makubwa kuliko hilo.

Aliyemchukua Wilhelm ni mhubiri Gustav Werner, mwanzilishi wa Bruderhaus, makao ya watoto maskini mjini Reutlingen. Makao hayo hayakuwa mahali pa kula na kulala tu. Yalikuwa na viwanda vyake, na kila mtoto alitarajiwa kujifunza kazi ya mikono. Maybach aliwekwa kwanza katika duka la kuoka mikate. Kisha walezi wake wakagundua kwamba mkono wake ulikuwa na kipawa cha kuchora, wakamhamishia kwenye ofisi ya michoro ya mitambo. Baada ya kazi alihudhuria masomo ya hisabati na fizikia.

Ni huko Reutlingen, katikati ya miaka ya 1860, ambako alikutana na Gottlieb Daimler, mhandisi aliyekuja kusimamia karakana ya mitambo. Daimler alimzidi umri kwa miaka 12. Alimwona kijana mkimya asiyependa makuu, lakini ambaye ukimpa wazo leo, kesho anakuletea mchoro wa kifaa kinachoweza kutengenezwa. Tangu wakati huo hadi kifo kilipowatenganisha, wawili hao walifanya kazi pamoja takriban miaka 35.

Daimler alipohamia Karlsruhe, Maybach alimfuata. Daimler alipoajiriwa mwaka wa 1872 katika kiwanda cha injini za gesi cha Deutz, karibu na Cologne, Maybach alimfuata tena, na punde akawa mkuu wa wabunifu wa michoro. Hapo ndipo Nikolaus Otto alipokamilisha injini yake ya mapigo manne mwaka wa 1876, na kazi ya kuifanya iweze kuundwa kwa wingi ikamwangukia Maybach. Mwaka wa 1878 alimwoa Bertha Habermaas, rafiki wa mkewe Daimler. Mwanao wa kwanza, Karl, alizaliwa mwaka uliofuata.

Injini za Deutz zilikuwa kubwa na nzito, zikizunguka takriban mara 180 kwa dakika, na hazikuweza kuondoka mahali zilipofungwa. Daimler na Maybach waliota injini ndogo, nyepesi na yenye kasi, ambayo ingeweza kupachikwa kwenye baiskeli, mashua au gari. Mwaka wa 1882 waliondoka Deutz na kwenda kujificha katika kibanda cha bustani nyumbani kwa Daimler, mjini Cannstatt.

Walifanya kazi kwa siri kubwa mno, usiku na mchana. Inasimuliwa kwamba mtunza bustani aliwashuku kuwa wanachapisha pesa bandia, akawapigia polisi ripoti. Maafisa waliingia kwenye kibanda hicho wenyewe wakiwa hawapo, na hawakupata chochote ila vipande vya injini.

Kufikia mwaka wa 1885 walikuwa na injini ya silinda moja iliyosimama wima kama saa kubwa ya ukutani, ikizunguka zaidi ya mara 600 kwa dakika. Novemba mwaka huohuo waliijaribu kwenye chombo cha mbao chenye magurudumu mawili, ambacho ndicho babu wa pikipiki na, kwa hivyo, wa bodaboda.

Adui aitwaye joto

Kasi ilileta nguvu, lakini ilileta pia adui ambaye Maybach angepambana naye kwa miaka 15 iliyofuata.

Kwa hesabu ya jumla, injini ya petroli ikichoma mafuta, sehemu moja tu kati ya tatu ya nguvu iliyomo hugeuka kuwa mwendo. Sehemu ya pili hutoka na moshi kwenye ekzosi. Ya tatu hubaki ndani ya chuma kama joto. Isipoondolewa, mafuta ya kulainisha hupoteza uwezo wake wa kulainisha, pistoni hutanuka na kukwama ndani ya silinda, na injini hufa.

Injini inayozunguka polepole hupata nafasi ya kupumua kati ya mlipuko na mlipuko. Ile ya kasi haipati. Kadiri Maybach alivyofaulu kuifanya injini iwe ndogo na yenye nguvu, ndivyo alivyolirundika joto jingi zaidi ndani ya chuma kidogo zaidi. Aliyeumba tatizo ndiye alilazimika kulitatua.

Watangulizi wa motokaa walikuwa na dawa rahisi, nayo ni kuyaacha maji yachemke. Gari la Karl Benz la mwaka wa 1886 lilipozwa kwa namna hiyo. Maji yalizunguka silinda, yakachemka, mvuke ukaenda zake hewani. Mkewe, Bertha Benz, alipoendesha gari la mumewe kutoka Mannheim hadi Pforzheim mwaka wa 1888, umbali wa takriban kilomita 100, alilazimika kutafuta maji njia nzima kama mchungaji wa ng'ombe wakati wa kiangazi.

Mbinu hiyo ilitosha kwa injini isiyofikia hata nguvu za farasi moja. Lakini tukipiga hesabu ya injini ya nguvu za farasi 35, ambayo humwaga joto la kiasi kama hicho ndani ya maji yake, tunapata kwamba ingehitaji kugeuza mvuke takriban lita 40 za maji kwa kila saa ya kazi ngumu. Hakuna msafiri ambaye angelikubali gari la namna hiyo, sembuse jeshi au mfanyabiashara.

Jibu la kwanza la Maybach lilionyesha akili yake ya uchumi. Katika gari lenye magurudumu ya chuma ambalo yeye na Daimler walilipeleka kwenye Maonyesho ya Paris mwaka wa 1889, fremu yenyewe iliundwa kwa mabomba, na maji ya kupoza injini yalipitishwa ndani ya mabomba hayo. Mifupa ya gari ndiyo iliyokuwa rejeta. Wafaransa walilipenda, na leseni za injini za Daimler zikasaidia kuanzisha utengenezaji wa magari nchini mwao.

Nyumbani mambo hayakuwa mazuri. Kampuni ya Daimler iliyoundwa Novemba 1890 iliingiza wenye mtaji ambao hawakuyathamini sana magari. Maybach alikataa masharti aliyopewa na kuondoka mwaka wa 1891. Daimler, ambaye naye alikuwa akizozana na washirika wake, alimlipa kwa siri aendelee na kazi, na mwaka wa 1892 wakakodisha iliyokuwa Hoteli ya Hermann hapo Cannstatt. Penye ukumbi wa densi wakaweka mashine.

Miaka mitatu ya hapo hotelini ilikuwa miongoni mwa yenye rutuba kuu maishani mwa Maybach. Alibuni kabureta inayonyunyiza petroli kupitia tundu jembamba, kanuni iliyotumika katika takriban kila gari la petroli duniani kwa miongo mingi hadi mifumo ya kupuliza mafuta kwa pampu ilipochukua nafasi. Fundi wa jua kali aliyewahi kusafisha kabureta kwa kupuliza kwa mdomo amepuliza wazo lililozaliwa katika ukumbi huo wa densi.

Mwaka wa 1895 wawekezaji kutoka Uingereza, wakiongozwa na Frederick Simms, walikubali kulipa alama 350,000 za Kijerumani kwa haki za injini hizo, kwa sharti kwamba Daimler arudi kampuni. Daimler alirudi, na Maybach akarudi pamoja naye kama mkuu wa ufundi.

Sega la asali

Wakazi wa msitu wa Mau hawahitaji kuelezwa sega ni nini. Jamii ya Okiek imetundika mizinga katika miti ya huko kwa vizazi na vizazi. Sega lina ubora mmoja ambao nyuki waliugundua kabla ya wahandisi, kwamba nafasi ndogo ikigawanywa katika vyumba vidogo vingi, kuta zake zikikunjuliwa hutandaa eneo kubwa ajabu.

Joto huvuka kutoka kwenye maji hadi hewani kupitia ukuta wa chuma. Ukuta ukiwa mpana, joto jingi hupita. Ukiwa mwembamba, hupita upesi. Mhandisi anayetaka kupoza maji bila kubeba tangi kubwa hana budi kutafuta kuta nyingi ndani ya nafasi ndogo.

Mwaka wa 1897 Maybach alitengeneza rejeta ya mirija, chombo cha maji kilichotobolewa na mirija mingi midogo ambamo upepo ulipita. Ilikuwa hatua kubwa, lakini magari yaliyoitumia bado yalibeba lita 18 hivi za maji, na uzito wake ukaonekana mlimani.

Milima ndiyo iliyoleta msiba. Machi 30, 1900, katika mashindano ya kupanda mlima kutoka Nice hadi La Turbie nchini Ufaransa, msimamizi wa karakana ya Daimler, Wilhelm Bauer, aligonga mwamba kwa gari la kampuni hiyo na akafa kutokana na majeraha. Gari lilikuwa refu kwenda juu, fupi kwa urefu na zito mbele. Wiki chache kabla ya hapo, Machi 6, Gottlieb Daimler mwenyewe alikuwa amefariki. Maybach alibaki peke yake.

Kampuni ilifikiria kujitoa katika mashindano. Aliyeizuia ni mfanyabiashara tajiri aliyeishi Nice, Emil Jellinek, mtu mwenye maneno makali na subira fupi, ambaye alinunua magari ya Daimler na kuyauza kwa mabwanyenye wa pwani ile. Jellinek alisisitiza kwamba tatizo halikuwa mbio bali umbo la gari. Alitaka gari refu zaidi, pana zaidi, la chini zaidi na jepesi zaidi. Aprili mwaka huo aliagiza magari 36 kwa alama 550,000, akataka injini mpya ipewe jina la binti yake, Mercédès.

Maybach, aliyekuwa na umri wa miaka 54 na afya isiyo imara, alilichora gari hilo kwa muda wa miezi michache. Injini yake ya silinda nne ilikuwa na nguvu za farasi 35. Mbele yake aliweka rejeta ambayo haikuwa imeonekana kwingine, yaani mirija 8,070 ya mraba, kila mmoja ukiwa na upana wa milimita sita kwa sita, iliyolehemiwa pamoja kama sega. Upepo ulipita ndani ya vyumba vya sega. Maji yaliteremka kati ya kuta kama utando mwembamba. Nyuma yake feni ilivuta hewa hata gari lilipokwenda polepole.

Tafakari kazi ya mafundi waliolehemu mirija zaidi ya 8,000 kwa mkono bila kuacha tundu moja la kuvujisha maji. Historia haikuyahifadhi majina yao, na mimi naona hiyo ni hasara.

Maji yaliyohitajika yalishuka kutoka lita 18 hadi lita tisa. Injini yenye nguvu zaidi ikatosheka na nusu ya maji. Gari la kwanza lilikabidhiwa kwa Jellinek Desemba 22, 1900. Katika jaribio la mapema mwaka uliofuata, mjini Pau, lilisumbua na kuwakatisha tamaa waliolisubiri. Lakini Machi 1901, katika wiki ya mashindano ya Nice, magari ya Mercedes yaliwashinda wengine katika mbio za masafa na katika kupanda La Turbie, mlima uleule uliomwua Bauer. Wafaransa, ambao hadi hapo walijiona mabingwa wa magari, walimpachika Maybach jina la mfalme wa wabunifu.

Tangu wakati huo uso wa gari ukawa rejeta yake. Tunapolitambua gari kwa mbali kwa wavu wake wa mbele, tunaitambua nafasi ambayo Maybach aliiteua kwa sababu ndipo upepo unapogonga kwanza.

Mwaka huohuo wa 1901, mwezi wa Desemba, reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu ikiwa imepitia Londiani. Kwa zaidi ya miaka 20 Londiani ilikuwa kituo cha kushukia waliokwenda nyanda za Uasin Gishu, na mizigo yao iliendelea kwa mikokoteni ya ng'ombe kwenye matope hadi reli ya Eldoret ilipofunguliwa mwaka wa 1924. Garimoshi nalo lilikuwa mnywaji mkubwa wa maji. Lilihitaji matangi kila baada ya masafa fulani, kwa kuwa lilikuwa likiutupa mvuke wake hewani.

Kusukumwa kando

Ushindi haukumletea Maybach amani. Mlezi wake kampuni, Daimler, alikuwa kaburini. Mwenyekiti Max Duttenhofer alipofariki mwaka wa 1903, wapinzani wake waliongezeka nguvu. Alipougua, kazi zake zikakabidhiwa wengine. Aliporudi alipewa ofisi ya uvumbuzi, cheo chenye jina zuri na mamlaka madogo, jambo ambalo watumishi wengi wa mashirika yetu watalitambua bila kuelezwa. Hata hivyo, katika ofisi hiyo alichora injini ya mashindano ya silinda sita yenye nguvu za farasi 120. Mwaka wa 1907 alikata shauri akaondoka kabisa. Alikuwa na miaka 61.

Mwaka uliofuata, Agosti 1908, merikebu ya angani ya Hesabu Ferdinand von Zeppelin iliteketea huko Echterdingen mbele ya umati mkubwa. Maybach alimwandikia Zeppelin na kumpendekezea injini bora zaidi, ambayo mwanawe Karl alikuwa tayari kuiunda. Kampuni yao ilianzishwa Machi 1909, Karl akiwa meneja na baba mshauri, kisha ikahamia Friedrichshafen.

Kupitia injini hizo jina la Maybach nusura lifike Afrika Mashariki kwa njia ya ajabu. Novemba 21, 1917 Zeppelin iliyoitwa L59 iliondoka Jamboli, Bulgaria, ikiwa na injini tano za Maybach na takriban tani 15 za risasi, bunduki na dawa. Ilikuwa inampelekea mizigo hiyo Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani aliyekuwa akipigana na Waingereza katika eneo ambalo leo ni Tanzania. Mpango ulikuwa kuifumua merikebu yote ikifika, hata kitambaa chake kishonwe mahema na nguo.

L59 ilivuka Bahari ya Mediterania na jangwa la Sahara. Mchana hewa ya moto iliitikisa, usiku baridi ikaishusha, na injini moja ikaharibika. Ilipofika Sudan ilipokea amri ya redio irudi. Ilitua Jamboli Novemba 25 baada ya saa 95 angani na safari ya kilomita 6,757 bila kutua.

Huku chini, vita hivyohivyo viliendeshwa kwa mabega ya wapagazi. Makumi ya maelfu ya Waafrika walioandikishwa kubeba mizigo ya jeshi la Uingereza walikufa, wengi wao kwa maradhi na njaa. Jina la mtaa wa Kariokor jijini Nairobi linatokana na kikosi hicho.

Baada ya vita mkataba wa Versailles uliwazuia Wajerumani kuunda injini za ndege, na Karl akageukia magari ya kifahari na injini za dizeli za reli. Baba yake, ambaye Chuo cha Ufundi cha Stuttgart kilikuwa kimemtunuku shahada ya heshima mwaka wa 1916, aliishi kwa utulivu Cannstatt.

Kupanda na kushuka

Rejeta ya leo haina mirija 8,070 ya mraba. Ina mirija bapa na mikunjo ya aluminiamu inayofanya kazi ya sega kwa gharama ndogo zaidi. Themostati huyazuia maji yasiende kwenye rejeta hadi injini ipate joto lake. Kifuniko chenye springi huyaweka maji chini ya shinikizo, na kwa hivyo hata Londiani hayachemki hadi yapite nyuzi 110. Ni kwa sababu hiyo anayekifungua kifuniko hicho injini ikiwa moto hujiunguza vibaya, maana shinikizo likiondoka maji yote huchemka kwa ghafla.

Baadhi ya mafundi wetu wana mazoea mawili ambayo Maybach angeyasikitikia. La kwanza ni kuitupa themostati kwa imani kwamba injini baridi ndiyo salama. Katika asubuhi za Londiani, zenye ukungu na baridi kali, injini isiyo na themostati huchukua muda mrefu kupata joto, hula mafuta zaidi na kuchakaa mapema. La pili ni kuuziba kwa risasi kila mrija unaovuja. Mrija mmoja si neno. Lakini rejeta iliyozibwa mirija kumi imepoteza sehemu ya ukuta wake, na hasara hiyo haitajulikana katika mitaa ya mji ulio tambarare. Itajulikana mlimani, lori likiwa na mzigo kamili na gia ya pili.

Kisha kuna upande wa pili wa mlima. Lori la tani 40 likishuka mita 500 huwa na joto la kutosha kuchemsha zaidi ya lita 500 za maji baridi, na joto hilo lazima liende mahali. Dereva akitegemea breki pekee, lote huingia kwenye breki, na breki zilizopata moto kupita kiasi hazishiki. Akiteremka kwa gia nzito, injini hubeba sehemu yake. Baadhi ya malori yana kifaa cha kupunguza mwendo kinachotumia mafuta yanayozunguka, nacho huupeleka moto wake kwenye maji ya injini. Hapo rejeta hufanya kazi ya kuzuia lori, si ya kulisaidia kupanda.

Wakazi wa Londiani hawalichukulii suala la malori yanayoteremka kama somo la fizikia. Jioni ya Juni 30, 2023 lori lililokuwa likielekea Kericho lilipoteza mwelekeo katika makutano yao na kuyagonga magari, pikipiki na wafanyabiashara waliokuwa kando ya barabara. Zaidi ya watu 50 walifariki. Makala haya hayakusudii kuamua chanzo cha ajali hiyo. Ila yeyote anayesafirisha mizigo kwenye barabara ile anapaswa kujua joto la lori lake linakwenda wapi, likipanda na likishuka.

Hata mabasi ya umeme yaliyoanza kubeba abiria Nairobi mwaka wa 2022 hayajaepukana na kazi hiyo. Betri haipendi joto wala baridi kali, na katika magari mengi ya umeme kuna maji yanayozunguka kwenye betri na rejeta inayoyapoza.

Wilhelm Maybach alifariki Desemba 29, 1929 mjini Stuttgart akiwa na umri wa miaka 83, akazikwa katika makaburi ya Uff-Kirchhof, Cannstatt, si mbali na kaburi la Daimler. Hakuishi kuona yaliyompata mwanawe mdogo, Adolf, aliyekuwa na maradhi ya akili. Utawala wa Wanazi ulimwua huko Grafeneck mwaka wa 1940, pamoja na maelfu ya wagonjwa wengine. Karl aliendelea na kampuni hadi uzeeni na kufariki mwaka wa 1960. Baadaye kampuni hiyo iliingia mikononi mwa Daimler-Benz, iliyotokana na kampuni ileile ambayo baba yake aliiacha mwaka wa 1907, na mwaka wa 2002 jina la Maybach likabandikwa tena kwenye magari. Tangu mwishoni mwa 2014 huandikwa pamoja na jina la binti wa Jellinek.